Kizingiti cha Oak Cliff

"Ingia basi, mrembo. Nyumba haiumi."

Celestine, wakala wa nyumba, alikuwa amesimama mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni. Nyuma yake Kethia aliona kipande cha sakafu ya mbao, ukuta mweupe, na mwanga wa alasiri uliojilaza chini kama paka. Alitamani kuingia mpaka nyayo zikamwasha. Hakuingia.

"Nitabaki hapa, Anti," alisema, kwa ile sauti yake ndogo ambayo wenzake wa kazi ghalani walizoea kumwomba airudie.

"Hapo barazani?"

"Ndiyo. Hapa."

"Umetoka Mesquite na jua lote hili kuja kuangalia baraza?" Celestine alicheka, akamgeukia Wanjohi. "Kijana wangu, mgeni wako umemleta aone nyumba, ama aone mlango?"

Wanjohi hakucheka. Alikuwa amesimama ngazi ya chini na shati lake la buluu alilolipiga pasi vizuri. Macho yake yalihama kutoka kwa Kethia kwenda mlangoni, yakarudi kwa Kethia.

"Haujaipenda?" aliuliza polepole.

"Sijasema vile."

"Basi kuna nini?"

Kethia aliangalia vidole vya miguu yake.

Nyumba ilikuwa na umri wa miaka mia moja. Ilikuwa ya mbao, kama zote za mtaa ule wa Oak Cliff, na kila moja ilikuwa na sura yake: hii na nguzo nene za baraza, ile na paa lililoshuka kama kofia ya mzee. Ukisimama kwenye kona ya barabara, ng'ambo ya mto Trinity uliona majengo marefu ya vioo ya katikati ya Dallas, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha. Wanjohi aliipenda tangu siku ya kwanza. Mkataba ulimpa siku kumi za kujiuliza, na siku ya kumi ilikuwa leo. Kabla ya saa kumi na moja jioni lazima aseme anaichukua au anaiacha. Sasa ilikuwa saa tisa.

"Bila wewe siwezi kuamua," alikuwa amemwambia Kethia jana kwenye simu. "Wewe ndiye una macho ya fundi."

Macho ya fundi. Kethia aliyageuzageuza maneno hayo kama chapati, asijue upande upi umeiva. Alikuwa akimwita kama fundi? Au kama nani?

Walijuana kwa sababu ya droo. Mama yake Kethia, Clothilde, alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Wanjohi alikuwa nesi hapohapo. Siku moja Kethia alimfuata mama yake kazini, akakuta bibi mmoja analia kwa sababu droo yenye picha za marehemu mumewe imekwama. Kethia alipiga magoti, akaitoa droo, akasugua kingo zake kwa mshumaa, akairudisha. Ikateleza kama maji. Alipoinua kichwa, kulikuwa na nesi amesimama mlangoni na trei ya dawa, amesahau alikokuwa akienda.

Tangu siku ile ilikuwa imepita miezi minane. Jumapili Wanjohi humrudisha kutoka kanisani, humngoja mpaka aingie ndani, kisha huwasha taa za gari mara mbili ndipo aondoke. Miezi minane ya taa mara mbili. Lakini neno lenyewe hajalisema.

Na hapo ndipo Kethia alipokwama, kama ile droo.

Kwao kulikuwa na sheria. Msichana havuki kizingiti cha nyumba anayojitafutia mwanaume anayempenda, kabla wazee wa mwanaume hawajaketi na watu wa msichana. Bibi yake aliishika kule kwao Fizi. Mama yake akaibeba mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako nyumba zilikuwa za udongo na turubai na kizingiti kilikuwa mstari tu wa vumbi. Sasa alikuwa nayo Texas. "Mguu ukishaingia," Clothilde alipenda kusema, "wazee watakuja kuongea nini tena?"

Angeweza kumweleza Wanjohi. Lakini kumweleza ni kumwambia: ninaona hii ni nyumba yangu na wewe. Ni kumchumbia mwanaume mchana kweupe, barazani, mbele ya wakala! Na kama yeye alitaka fundi tu? Aibu hiyo angeipeleka wapi?

"Labda ni kweli alivyosema mama yako," Celestine alimwambia Wanjohi huku akipepea uso kwa makaratasi. "Mama yake kule Nyeri, Kethia, alinipigia simu mwenyewe. Akaniambia, 'Celestine, mtafutie nyumba mpya huko DeSoto, yenye gereji. Na ukikutana njiani na nesi mwenye adabu, mchukue pia.'"

"Anti!" Wanjohi alisema.

"Si ni utani? Mama ni mama."

Kethia alitabasamu kwa adabu. Moyoni kitu kilishuka ngazi moja. Nesi mwenye adabu. Yeye shule aliiacha darasa la nne, baba alipoanza kuumwa mgongo na karakana yake ya useremala ikakosa mikono.

Wanjohi alimkaribia, akamnyooshea makaratasi ya mkaguzi wa nyumba. "Sawa. Kama hauingii, angalia hii. Soma, uniambie unafikiri nini."

Kurasa arobaini za Kiingereza. Kethia alihisi masikio yakipata moto. Aliyafunua taratibu, akayapita maneno yote, akaangalia picha tu. Paa. Mabomba. Jiko. Choo. Alirudi mwanzo, akazipitia tena.

"Picha ya uvungu iko wapi?"

"Uvungu?"

"Chini ya nyumba. Hii haikulala juu ya saruji. Imesimama. Sasa imesimama juu ya nini?"

Wanjohi alichukua makaratasi, akatafuta, akakunja uso. "Anasema hakuingia. Ati mlango wa uvungu ni mwembamba."

"Yeye ni mnene?"

"Mkaguzi?" Celestine alidakia. "Ni mtu aliyeshiba."

Kwa mara ya kwanza siku ile Wanjohi alicheka. Kethia naye alicheka kidogo, akafunika mdomo. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wote wawili. Alivua herini zake, akazitia kwenye kiganja cha Wanjohi.

"Nishikie."

Alijifunga kitenge juu ya suruali, akafunga nywele kwa kilemba, akatoa mfukoni kisu cha kukatia maboksi ambacho hata siku ya mapumziko hakikumtoka. Akazunguka upande wa nyumba. Walipomfikia, miguu yake ndiyo iliyobaki nje, nayo ikapotea.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mkavu. Kethia aliwasha taa ya simu. Uoga wake wote ulibaki nje kwenye jua. Huku alipajua. Marehemu baba yake, fundi Florent, alimfundisha kambini kabla hajajua kuandika jina lake: usiuangalie mti, ugonge. Mti mzima unajibu. Uliooza unanyamaza.

Akagonga gogo la kwanza kwa ncha ya kidole.

Likajibu. Ngo!

Nyumba yote ilisimama juu ya magogo mafupi, meusi kwa uzee. Alikwangua moja kwa kisu, nalo likaonyesha ndani rangi ya njano, njano ya kiini cha yai, gumu mpaka kisu kikalalamika. Aligonga la pili. La tatu. Ndipo akasikia juu yake nyayo. Wanjohi alikuwa ndani, anatembea. Alipogonga, nyayo zilikuja zikasimama juu ya mkono wake. Alipohamia lingine, nyayo zikahama naye.

Kethia alitulia. Akagonga gogo la mbali makusudi, upande mwingine kabisa.

Tap, tap, tap, tap. Nyayo zikaja.

Akatabasamu gizani, peke yake, mpaka mashavu yakauma.

Karibu na bomba la bafu aligonga boriti, nayo ikanyamaza. Akagonga tena. Kimya. Akachomeka kisu, kikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Na nyayo zilikuwa zinakuja.

"Usikanyage hapo!" alipiga kelele. "Wanjohi! Simama hapohapo!"

Nyayo zikaganda. Kisha sauti yake ikashuka kupitia mbao, yenye kicheko: "Kumbe unaweza kupiga kelele!"

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wanjohi alikuwa ametoka mbio kumpokea. Aliinua mkono kuondoa utando wa buibui kwenye kilemba chake, mkono ukasita hewani, kisha akauondoa kwa vidole viwili tu, kama nesi anayebandua plasta asimwumize mtoto.

"Eleza, fundi," alisema.

"Magogo ni mazima. Yote kumi na tisa. Ni mti wa njano ndani, sijui jina lake."

"Bodaki!" Celestine alisema. "Wazee wa hapa wanauita hivyo. Nyumba nyingi za kale za Dallas zilisimamishwa juu yake. Mchwa hawaugusi."

"Basi wazee walijua kazi. Lakini chini ya bafu kuna boriti moja imeoza. Bomba linavuja zamani, na mtu ameweka vigae vipya juu ili isionekane." Kethia alipangusa kisu kwenye kitenge. Maneno yalimtoka bila kukwama. "Si jambo la kuikimbia nyumba. Nyumba hii haina ugonjwa wa moyo, Wanjohi. Ina jino bovu. Ling'olewe, itakaa miaka mingine mia."

Wanjohi alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa habari ya boriti.

"Na ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ndani hautaona kabisa?"

Kethia aliuma mdomo. "Nifungulie madirisha."

Hivyo ndivyo walivyoizunguka nyumba ile, yeye nje kwenye nyasi, Wanjohi ndani, dirisha kwa dirisha. Celestine aliketi barazani, akavua viatu, akasema kwamba katika miaka kumi na minane ya kazi hajawahi kuona mambo kama haya na kwamba watakapomaliza wamwamshe.

Madirisha yalikuwa ya zamani, ya kupandishwa juu kwa kamba. Wanjohi alisukuma la kwanza, likapanda likilia.

"Hii ndiyo sebule," alisema. "Sina viti. Nina kimoja."

"Kimoja kinatosha mtu mmoja."

"Ndiyo shida yenyewe."

Kethia alijifanya anakagua fremu.

Dirisha la pili. "Jiko. Ni dogo."

"Jua linaingia asubuhi," alisema Kethia, akiangalia angani. "Jiko la jua la asubuhi ni zuri. Unga unakaa mkavu."

"Mimi unga wangu ni wa chapati."

"Sisi ni wa fufu."

"Kuna makabati mawili."

Wanjohi alipoinama kupima kingo, uso wake ulikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwa uso wa Kethia. Hakuna aliyerudi nyuma. Jirani mmoja upande wa pili alianza kukata nyasi kwa mashine, ndipo wakakumbuka kupumua.

Dirisha la tatu, la chumba cha kulala, lilikataa. Wanjohi alilisukuma, akalibembeleza, akaligonga. Mtu alikuwa amepaka rangi juu ya rangi mpaka dirisha na fremu vikawa kitu kimoja. Wakabaki kila mmoja upande wake wa kioo, na mashine ya jirani ikinguruma.

Wanjohi aliacha kusukuma. Alimtazama kupitia kioo kile cha zamani kilichopindapinda kidogo. Kisha midomo yake ikasema kitu. Kirefu. Alisema bila haraka, mkono mmoja kifuani, na mwisho akainamisha kichwa kama mtu aliyeomba.

Kethia hakusikia hata neno moja.

"Ulisema nini?" aliuliza kwenye dirisha la nne.

Wanjohi alikuwa na jasho. "Wapi?"

"Pale."

"Nilisema... dirisha limekwama."

"Maneno yote yale?"

"Limekwama sana."

Simu ya Kethia ililia kabla hajajibu. Ilikuwa mama yake. Simu ile iliangushwa ghalani mwaka uliopita, na tangu hapo haikusikika isipokuwa kwa sauti ya wazi, kila mtu asikie. Kethia alitaka kuikata, lakini nani amkatie Clothilde simu?

"Uko wapi?" Sauti ya mama yake ilijaa uwanjani.

"Oak Cliff, mama."

"Kwenye ile nyumba ya kizee. Ya mbao. Watu wanahamia kwenye matofali, yeye anarudi kwenye mbao! Kethia, niambie kweli kama uko mbele ya Mungu. Umekanyaga kizingiti?"

Kethia alifumba macho. Dirisha la nne lilikuwa wazi. Wanjohi alikuwa ameegemea papo hapo.

"Hapana, mama."

"Haukuingia hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niko nje."

"Ni vizuri. Mwanaume akitafuta nyumba yake na anakupenda, hauingii bure kama mbuzi kwenye shamba. Wazee wake waje kwanza. Kama anakupenda na hajasema, hiyo ni shida yake. Mguu wako ubaki nje."

Hapakuwa tena na pa kujificha. Hata mashine ya jirani ilikuwa imezima, kana kwamba naye alitaka kusikia. Kethia alifungua macho taratibu. Uso wa Wanjohi ulikuwa umebadilika, kama uso wa mtu aliyepewa majibu ya daktari akakuta ni mzima.

"Kumbe ndiyo maana," alinong'ona. "Mimi nilidhani umenikataa."

"Nani anaongea hapo?" Clothilde aliuliza kwa ukali.

"Ni mimi, mama. Wanjohi. Shikamoo."

"Marahaba. Eh! Muko wote kwenye simu! Kethia, kwa nini haukusema?"

"Haukunipa nafasi, mama."

"Wanjohi, nisikilize. Wewe ni nesi mzuri. Unanisaidia kuinua wazee, mgongo wangu unakushukuru. Lakini nesi ni kitu kimoja, mkwe ni kitu kingine. Mama yako anataka nesi mwenzako, kila mtu kazini anajua. Mtoto wangu hana makaratasi ya shule. Sitaki aende kuhesabiwa makosa kwenye nyumba ya watu."

Kethia aliishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa imetoka, aibu yote aliyokuwa ameificha, na ilikuwa imetoka kwa sauti ya wazi.

"Mama," Wanjohi alisema, "nipe dakika moja tu. Kuna kitu nilimwambia hapa na hakukisikia."

"Kwa nini hakusikia?"

"Dirisha lilikuwa limefungwa."

"Nesi mzima unaongea na kioo?"

Kethia aliiweka simu kwenye nyasi. Alirudi kwenye dirisha la tatu, akatoa kisu cha maboksi, akakipitisha pole pole kwenye mstari ambapo rangi ilikuwa imeshona mbao mbili. Juu. Chini. Pembeni, kama alivyofundishwa, bila hasira, maana dirisha linalolazimishwa huvunjika. Vipande vyeupe vya rangi vilimwangukia mikononi. Aligonga fremu kwa kiganja mara tatu. Kisha akatia vidole chini, na dirisha ambalo halikuwa limefunguka labda tangu kabla hajazaliwa likapanda.

Wanjohi alikuwa upande wa pili, anangoja.

"Sema tena," Kethia alisema.

Wanjohi aliegemea fremu. "Nilisema nimeangalia nyumba kumi na moja. DeSoto, Mesquite, kila mahali. Kila moja nilijiuliza, Kethia atasimama wapi humu? Na katika zote sikukuona. Hii tu nilikuona. Nikasema, sitaki fundi, ingawa fundi ni bahati yangu. Nikasema nakupenda. Na kama mama yangu anataka cheti, nitampigia simu usiku wa leo nimwambie kuna mtu ameingia mahali mkaguzi mwenye vyeti vyote alishindwa kuingia." Alishusha pumzi. "Hayo ndiyo nilisema. Hilo la mkaguzi nimeongeza sasa."

Kethia alicheka na kulia kwa pamoja, na machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Na mimi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini Wanjohi hakumwomba airudie.

"Sisikii!" Clothilde alipiga kelele kutoka kwenye nyasi.

Wanjohi alitoka nje kwa dirisha lilelile, mguu mmoja kisha mwingine, shati likanasa kwenye msumari. Aliiokota simu. "Mama, naomba kuja Jumapili ijayo na wazee."

"Wazee gani? Wewe hapa Texas hauna mzee."

"Nina mjomba wangu Nyaga, Houston. Atakuja na mke wake."

"Saa nne za gari, kwa ajili ya chai yangu?"

"Kwa ajili ya mlango, mama. Ili Kethia aingie."

Kwenye simu walisikia kengele ya mgonjwa ikilia mbali kazini kwake, na mtu akimwita Clothilde, naye hakuitika.

"Kethia," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Hiyo nyumba imesimama juu ya nini?"

"Magogo, mama. Ya njano ndani. Magumu kama yale baba alipenda."

"Baba yako angeigonga."

"Nimeigonga."

"Ikajibu?"

"Ikajibu, mama. Isipokuwa sehemu moja, na nitaitengeneza mimi."

"Mm. Mwambie huyo mjomba asichelewe. Na mimi sipiki chai ya maziwa matupu kama ya Wakenya, nitatia tangawizi." Simu ikakatika.

Saa kumi na dakika arobaini, Wanjohi alimwamsha Celestine, akatia sahihi barazani, goti lake likiwa meza. Boriti iliyooza iliandikwa kwenye karatasi kama ilivyo. Celestine alitazama shati lililochanika, kisha macho mekundu ya Kethia, kisha dirisha lililokuwa wazi.

"Mama yako ataniua," alisema, akajipangusa jicho kwa haraka. "Aniue tu."

Wanjohi alifungua kiganja. Herini zilikuwa bado mle, zimeacha alama kwenye ngozi. Alimnyooshea pamoja na ufunguo mmoja.

Kethia alichukua herini. Ufunguo akaurudisha, akamfunga vidole juu yake.

"Jumapili," alisema.

Kisha, kabla ya kushuka ngazi, aliinama mbele ya mlango uliokuwa wazi. Miguu yake ilibaki nje. Alinyoosha mkono, akagonga kizingiti kwa ncha ya kidole, akasikiliza.

Kikajibu.